Fundi Aliyekunja Mlima

Meza ya fundi cherehani yeyote pale Morogoro, wakati ule wa Mjerumani, ilikuwa na mkasi, chaki, na nguo za watu ambazo siku ya ahadi imeshapita. Meza ya Fundi, jirani yangu, ilikuwa na hivyo vyote, ila vilikuwa vimesukumwa pembeni. Katikati alitandika kitambaa kipana cha amerikani, na juu ya kitambaa kile ilisimama milima ya Uluguru, imeinuka kwa mikunjo ya nguo iliyoshonwa kwa mkono. Juu ya milima na chini yake kulikuwa na majeshi mawili. Jeshi la kunde nyeusi lilikuwa lake. La maharage mekundu lilikuwa langu.

Nitamwita Fundi kwa sababu ndivyo tulivyomwita sote. Jina alikuwa nalo, lakini walilitumia boma tu, siku ya kodi.

Mimi nilikuwa mjane, nikikaanga vitumbua kwenye baraza lililopakana na lake. Asubuhi nilikuwa na wateja wanaogombania, adhuhuri ikipita sina hata nzi. Yeye naye saa hizo macho yalikuwa yamechoka, tundu la sindano halioni. Basi tulicheza. Watu walisema waliyosema juu ya mjane na fundi wanaoinamia meza moja mchana kweupe. Wangesogea karibu wangesikia tunagombana juu ya mahindi yaliyoko kijiji cha Bigwa, na hamu ya kusengenya ingewaisha.

Mchezo wenyewe aliuiba bomani kwa Wajerumani. Alikuwa akiitwa huko kupima sare za maofisa, na siku moja akawakuta wameizunguka meza yenye ramani, wanasogeza vijiti vyekundu na vya buluu, wanarusha dadu, wanabishana kama wacheza bao. Bwana mmoja hakukubali zamu yake ipite, kwa hiyo alipimwa suruali huku anapigana. Fundi akawa chini, magoti sakafuni, pini mdomoni, macho yakiwa sawasawa na ukingo wa meza. Alirudi mara nne kwa suruali ile ile moja. Mwenye suruali alidhani amepata fundi mwangalifu.

Aliporudi mara ya nne alinijia barazani, akachukua kitumbua bila kuuliza bei, akakaa.

"Jirani," akasema, "wale mabwana wamepigana siku tatu nzima na hakuna aliyekula hata muhogo."

"Si mchezo tu?"

"Hata kama ni mchezo. Jeshi limetoka pwani limefika ziwani, limefunga, na halijafuturu."

Jambo hilo lilimkaa rohoni kuliko ramani, kuliko vijiti, kuliko dadu. Alikuwa mtu wa namna hiyo. Ukimwonyesha harusi, anatazama sufuria. Kijana alikuja siku moja kushonewa kanzu ya harusi, uso unang'aa, Fundi akamzungushia futi kifuani na kumwuliza, "Na kwanza mtakula wapi?" Kijana akajibu kwamba bado hawajapanga. Fundi akakunja futi yake, akamwambia arudi wakishapanga. Swali hilo alimwuliza kila mtu, msafiri, mpangaji, hata shehe aliyekuja kutangaza maulidi. Ukifikiri kidogo utaona si swali baya.

Kabla ya kuwa fundi alikuwa mpagazi, na cherehani ya kwanza kuigusa aliigusa kwa kichwa. Ilikuwa ya misheni ya Mgeta, naye ndiye aliyepangiwa kuipandisha mlimani. Kila alipoitua alipakumbuka mahali pale. Penye jiwe bapa, penye mgomba uliolala, penye maji yanayovuka njia. Wapagazi walihesabu safari kwa vituo. Kituo ni mwendo wa kutoka unapojitwika mzigo mpaka unapoutua. Tambarare kituo ni kirefu, unaweza kuimba nyimbo mbili. Mlimani hata shairi moja halimaliziki, pumzi imekwisha.

Ramani yake ya kwanza aliichora kwa hesabu hiyo. Kila kituo akakipa upana wa kidole kimoja. Akaanza stesheni ya reli, akafika chini ya mlima vidole vichache tu, halafu akaanza kupanda. Vidole vikaongezeka, vikaongezeka, kitambaa kikamaliza meza, kikaning'inia, na Mgeta ikaangukia sakafuni karibu na paka. Nilicheka mpaka nikaacha vitumbua viungue.

"Fundi, Mgeta imekuwa mbali kuliko Bagamoyo!"

"Uliwahi kubeba cherehani kwenda Mgeta?"

"Sijawahi."

"Basi nyamaza."

Lakini alijua kwamba haikukaa sawa, maana mtu akisimama stesheni mlima anauona huo hapo, umemwinamia. Alinuna siku tatu. Ya nne alikuwa anashona sketi ya binti wa misheni, anakunja na kubandika pini, anakunja na kubandika pini, mara akasita mkono ukiwa hewani. Akaniita kwa sauti kubwa hata nikadhani amejichoma.

"Tazama hapa. Hiki kiuno ni kidogo, si ndiyo? Lakini kitambaa kilichoingia ni kingi. Kimekwenda wapi?"

"Kimejikunja."

"Kipo, ila kimejificha. Na mlima ndivyo ulivyo, jirani. Unaouona ni kiuno. Unaoupanda ni kitambaa."

Sikuwahi kumwona mtu amefurahi namna ile kwa jambo lisilo na faida yoyote. Alikata amerikani mpya, akaanza upya. Barabara alizishona kwa uzi mwekundu. Mito aliipaka nili, ile ya kufulia. Na mlima akaukunja, mkunjo baada ya mkunjo, kila mkunjo umebeba ndani yake vituo halisi vya miguu yake. Kilele cha Lupanga peke yake kilimla wiki mbili. Wateja wake wakati huo walitembea na suruali zilizochanika, na alipoulizwa alijibu kwamba yuko juu, karibu atashuka.

Kanuni tukaziweka pamoja, kwa ugomvi. Jeshi likipanda linaingia ndani ya kila mkunjo na kutoka. Alitaka likishuka liruke juu juu ya mikunjo yote, nami nikamwuliza ni mpagazi gani alishuka Lupanga na mzigo kichwani akiruka. Akayapapasa magoti yake kwanza, ndipo akajibu. Tukakubaliana kwamba kushuka unaingia mkunjo mmoja na kuruka mmoja. Badala ya dadu tulirusha vifungo vya suruali. Na kila jeshi likilala, kila askari ale punje moja ya hindi. Punje zilikuwa kwenye vijiji, alizipanga mwenyewe kwa kadiri alivyokumbuka mavuno ya mahali. Punje zikiisha askari anaondolewa mezani, awe kunde awe harage, hakuna kusamehewa.

Kwa hiyo vita zetu hazikuwa na mapigano mengi. Nyingi zilikuwa za kutafuta mahindi. Jirani mwingine, mwashi wa mawe, alicheza mara mbili akaacha. Alisema akitaka kutembezwa kijiji kwa kijiji kuulizia chakula, atamfuata mama yake sokoni.

Ilikuwapo sababu ya yeye kuhangaikia chakula hivyo, na Fundi aliniambia mara moja tu, akiwa ameshika sindano, bila kuinua macho. Katika ile vita ya kusini, watu walipowainukia Wajerumani, alichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi. Alisema risasi hazikumtisha sana, maana zilikuwa mbele na yeye alikuwa nyuma. Kilichomshinda ni ghala. Kila kijiji walichopita, jeshi lilikula lilichoweza, na kilichobaki kwenye ghala kikatiwa moto. Miezi ikapita wakarudi kwa njia ile ile. "Vijiji vilikuwepo," alisema. "Nyumba zimesimama. Hodi, hodi, hakuna wa kuitikia." Halafu akaukata uzi kwa meno na kuniuliza kama vitumbua vya nazi vimebaki. Nilimpa vyote.

Msije mkadhani alikuwa mtu wa huzuni. Alikuwa mcheshi, na alikuwa mwizi. Kwenye mchezo, namaanisha. Alivaa kanzu ya mikono mipana, na kila alipoona nakaribia kumzingira, mkono wa kanzu ungepita juu ya meza kwa bahati mbaya na maharage yangu mawili matatu yangejikuta yamerudi Bigwa. Nikimshika anaomba radhi kama mtu aliyemkanyaga mgeni. Na mtu huyo huyo hakuweza kusema uongo kwa mdomo wake, hata ule mdogo wa kumwambia mteja nguo iko tayari kesho. Alimwambia ukweli, kwamba haiko tayari na hajui lini, na wateja wakaenda kwa mafundi waongo. Nilimwuliza tofauti iko wapi.

"Mdomo ni wangu," akasema. "Kanzu nimeishona tu."

Sasa nieleze jambo lililotusumbua sote wawili kwa miaka. Ramani ile haikuisha. Upande wetu ulikuwa umejaa, kutoka stesheni mpaka mgongo wa mlima. Ng'ambo ya mgongo, kule Matombo, kitambaa kilikuwa cheupe kabisa. Fundi hakuwahi kufika huko, na alikuwa na msimamo mmoja ambao hata mimi sikuweza kuutikisa: asipopakanyaga hapachori. Nilimletea wauza ndizi wa Matombo wamweleze njia. Aliwasikiliza kwa adabu, akawanunulia ndizi, na hakuchora hata mstari.

Kitambaa kile cheupe kilikuwa kinamwokoa. Kila vita mimi nilitokea stesheni, yeye akashika mlima. Nilimpandia, nikamsukuma mkunjo kwa mkunjo, nikamlia punje zake, na alipobakiwa na kunde tatu nne akazivusha mgongo. "Nimeingia kwenye nyeupe," angesema, na kukunja mikono. Huko nisingeweza kumfuata, maana hapajulikani. Miaka yote hiyo hakuwahi kushindwa hata mara moja, na mimi sikuwahi kushinda.

"Siku nikiuona upande ule kwa miguu yangu," alikuwa akiniambia, "nitauchora wote. Tupigane vita moja nzima, mwanzo mpaka mwisho. Baada ya hapo hata nikifa sawa." Alikuwa anamaanisha. Kifua chake kilikuwa kimeanza kupiga filimbi akipanda hata ngazi za msikiti, na alijua mlima haumsubiri. Nami nilikuwa na hamu yangu: kumkamata huko alikokimbilia.

Karibu tuikose ramani yenyewe kabla ya hapo. Kumbe kuna aliyepeleka maneno kwa akida, mtumishi wa boma, kwamba kwa Fundi kila siku hupangwa vita. Maneno kama hayo, miaka michache tu baada ya ile vita ya kusini, yalitosha kumtia mtu mnyororo, na wengine yaliwatia kitanzi. Tulikuwa katikati ya mchezo nilipoona juu ya ua kofia mbili za askari na, katikati yao, kilemba safi cha akida.

Sikufikiri. Nilikung'uta majeshi, nikaunyakua mlima wa Uluguru, nikajizungushia kiunoni na kufunga. Fundi alinitazama mara moja. Halafu akapiga magoti mbele yangu na kujaza pini mdomoni, nyingi kuliko nilivyowahi kuona. Nilimwelewa: mdomo uliojaa hauulizwi.

"Hodi humu."

"Karibu, Bwana Akida."

"Tumesikia hapa kuna ramani ya vita."

"Hapa kuna sketi," nikasema. "Sketi ya marinda, ya bibi mmoja wa Kizungu. Yeye hawezi kusimama juani apimwe, na Mungu katujalia kiuno kimoja."

Akida akanizunguka. Askari wakapekua chini ya meza, ndani ya sanduku, nyuma ya cherehani. Mmoja akaokota maharage.

"Na haya?"

"Chakula chetu cha mchana. Humwoni fundi alivyokonda?"

"Mbona sketi ina madoa ya buluu na mistari myekundu?"

"Ndio mtindo wao sasa."

Jasho lilikuwa linanitiririka, nikausikia mto Mgeta unafurika mapajani. Akida akasimama nyuma yangu.

"Huku nyuma mbona peupe?"

"Hapajaisha," nikasema.

Na Fundi, ambaye alikuwa ameinamisha kichwa muda wote, akainua uso na kutikisa kichwa kwa nguvu, ndiyo, ndiyo, hapajaisha. Katika yote yaliyosemwa siku ile hilo ndilo la kweli peke yake, naye aliliunga mkono kwa moyo wote.

Akida aliipenda sketi. Akaagiza ya mkewe. Fundi alimshonea nzuri, ila hakuweka mto wala barabara, na yule bibi alilalamika mji mzima kwamba yake haikufanana na ya muuza vitumbua.

Walipoondoka Fundi alizitoa pini moja moja. Midomo ilikuwa inatoka damu. Akasema tuichome, leo hii, kabla jua halijatua. Nilikataa. Nilimwambia akiichoma atakuwa amenishinda milele, kwa sababu hajawahi kunionyesha anakokimbilia. Aliwaza, akacheka kidogo, akakubali. Tangu siku hiyo ramani ilikaa kwangu, chini ya kanga zangu, na tulicheza mlango ukiwa umefungwa nusu.

Nafasi yake ilikuja bila kutafutwa. Misheni ya Matombo walitaka fundi wa kuwashonea wanafunzi wao sare, boma wakampa cheti cha njia. Aliaga kama mtu anayekwenda Hija. Mwezi mmoja, alisema, atatembea kila bonde, atarudi, atachora. Ramani akaniachia. "Nitaibeba kichwani," akasema, "ndivyo nilivyozoea kubeba."

Mwezi ukawa mwaka, mwaka ukawa miwili. Wauza ndizi wakaniletea habari kwamba yu mzima, ameoa huko, na amehamia kwa ukoo wa mkewe, kama desturi ya Waluguru ilivyo, shamba ni la upande wa mke. Nilifurahi. Tena niliumia, sina haja ya kuficha. Baraza lake lilichukuliwa na muuza mafuta ya taa ambaye hakujua mchezo wowote.

Msimu wa mavuno wa mwaka wa pili nilifunga kikaango changu. Nikajivika ramani ndani ya kanga, nikafunga maharage na kunde kwenye pindo, nikapita Bigwa, Kiroka, nikalala Mkuyuni kwa shoga yangu, na kesho yake jioni nikafika. Nyumba ilikuwa ubavuni mwa mlima, ghala pembeni, bibi mmoja mzee amekaa mlangoni anapukuchua mahindi. Fundi alikuwa ndani, kwenye cherehani, amenenepa.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, jirani. Umekuja nayo?"

"Ninayo mwilini."

Alicheka mpaka kifua kikapiga filimbi. Yule bibi alikuwa mama mkwe wake. Mkewe, mwanamke mtaratibu mwenye macho ya kuchunguza, alinipokea mzigo nisiokuwa nao na kunipa maji ya kuoga.

Asubuhi tulitandika. Nyeupe ilikuwa nyeupe bado. Alisema kila kitu kiko kichwani, ila alitaka kukichora mbele yangu, vita ikiendelea, ili nijue hajabuni. Tukarusha vifungo. Sijui kama alikuwa amesahau mchezo au mkono wa kanzu umezeeka, siku hiyo nilimpiga vibaya. Nilipanda mkunjo kwa mkunjo, nikala mahindi yote ya njiani, na kabla ya adhuhuri nilikuwa mgongoni mwa mlima na maharage kumi na manne. Yeye alibaki na kunde mbili. Akazivusha.

"Nimeingia kwenye nyeupe," akasema.

"Chora," nikasema. "Nakuja."

Akachukua mkaa. Mkono wake ulikwenda taratibu, haukusita. Akachora bonde, akakunja, akabandika pini. Akachora nyumba ya kwanza.

"Usiku umeingia. Jeshi lako limelala hapa."

"Hapa ni kwa nani?"

"Kwa mama mkwe wangu." Nje tulimsikia anapukuchua.

"Ana punje ngapi?"

Akaweka punje nne.

Nilitazama askari wangu kumi na wanne. Kanuni nilizijua, nyingine niliziweka mimi. Wangekula zile nne, na wengine wangeendelea kutafuta mbele.

"Nyumba inayofuata?"

"Mzee mmoja asiyeona. Punje mbili." Akaichora. "Hapa, mwanamke aliyejifungua juzi. Tatu. Hapa shemeji yangu, huyo anavuna kesho, bado hana kitu." Kila aliyemtaja alimchorea mlango, na kila mlango nilikuwa nauona dirishani, moshi unatoka. Alichora mpaka kengele ya misheni, ukingo wa kitambaa. Ramani ikaisha hivyo. Akaweka mkaa chini, akajifuta vidole kwenye kanzu, na macho yake yalikuwa yamejaa maji.

"Njia ni nyeupe sasa, jirani," akasema. "Nimekungoja. Pita."

Kunde zake mbili zilikuwa pale kengeleni, hazina pa kwenda. Miaka yote nilikuwa nikiingoja saa hiyo. Nilishika harage la mbele, nikatazama ule moshi dirishani, halafu nikaanza kuyarudisha moja moja upande wetu wa mlima, ambako nilikuwa nimeshakula kila kitu. Yakafa njiani yote, na Fundi akayaondoa mezani kwa haki, hakusamehe hata moja.

"Basi nimeshinda," akasema.

"Umeshinda."

Mkewe alikuwa ameegemea mlango, ameyaona yote. Akaniambia kwa Kiswahili chake cha polepole nisimwamini mumewe, nije nione. Akanipeleka kwenye ghala la mama yake na kufunua. Lilikuwa limejaa mpaka juu, mahindi yamebanana. Nikarudi ndani mbio, damu imepanda.

"Mwizi wewe! Hata bila mkono wa kanzu! Mbona uliweka punje nne?"

Fundi alikuwa anakunja ramani, mkunjo juu ya mkunjo, taratibu.

"Kwa sababu ulikuja na jeshi," akasema. Kisha akamwita mama mkwe wake, akamwambia kuna mgeni ametoka Morogoro kwa miguu na hajala tangu asubuhi.

Yule bibi akainuka, akalifungua ghala, akajaza ungo.